Shokapu za Mbele za Pikipiki: Somo la Springi, Oili na Pembe

Utangulizi

Tumfikirie kijana mwendesha bodaboda aliyefika kwa fundi na malalamiko mawili: akifunga breki, pua ya pikipiki huinama mno, na akiingia shimoni, husikia chuma kikigonga chuma. Gereji haikosi washauri. Wa kwanza alimwambia azitoe shokapu zote za mbele, aweke za pikipiki kubwa, zilizo ndefu na nene. Wa pili alimwambia afungue vifuniko vya juu na kupachika washa juu ya springi ili zikaze. Wa tatu alisema dawa ni kujaza oili nzito ya injini hadi karibu na juu. Kila mmoja alisema kwa uhakika, na kila mmoja aliwahi kulifanya alilolisema.

Hata hivyo, hapana aliyeuliza swali la kwanza ambalo mwanafunzi wa fizikia angepaswa kuuliza: springi hizo hubanwa milimita ngapi, na kwa kani gani? Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba shokapu haiwi bora kwa urefu, unene wala ugumu wake. Huwa bora inapolingana na pikipiki iliyofungiwa, na kulingana huko hupimwa kwa futi ya utepe, uzi na hesabu ya sekondari. Jambo hili si la darasani tu. Sehemu tunayoizungumzia ndiyo inayolishika gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloamua kama mwendeshaji na abiria wake watafika.

Shokapu na kazi zake tatu

Pikipiki za mwanzo zilishika gurudumu la mbele kwa vyuma visivyonyumbuka, mithili ya baiskeli. Baadaye zikaja panda za vyuma zenye springi moja mbele ya shingo ya fremu. Mnamo mwaka 1935 kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilianza kuuza pikipiki aina ya R12, iliyokuwa na mabomba mawili yanayoingiana, na ndani yake oili ya kutuliza mtikisiko. Umbo hilo, likiwa na marekebisho mengi, ndilo lililoenea katika pikipiki nyingi hadi leo.

Kila upande una bomba la juu, jembamba na lenye kung'aa, lililobanwa na vibano viwili kwenye shingo ya pikipiki. Bomba hilo huteleza ndani ya bomba la chini, ambalo hushika ekseli ya gurudumu. Ndani mna springi ndefu, oili, na kiasi cha hewa juu ya oili. Mahali mabomba yanapokutana pana sili ya mpira inayozuia oili isivuje.

Chombo hiki kina kazi tatu. Kwanza, hubeba uzito wa sehemu ya mbele. Pili, hufifisha mtikisiko baada ya gurudumu kugonga tuta au shimo. Tatu, huliweka gurudumu mahali pake na kulielekeza. Springi hutenda kazi ya kwanza, oili ya pili, na urefu na mwinamo wa mabomba hutenda ya tatu. Makosa mengi ya gereji hutokana na kutaka kutibu kazi moja kwa dawa ya nyingine.

Springi: ugumu na mbano wa awali

Msomaji atakumbuka kanuni ya Robert Hooke, aliyoichapisha mwaka 1678: springi hubanwa kwa kadiri ya kani inayoibana, yaani F = kx, ambapo k ni ugumu wa springi.

Tuchukue pikipiki ya mfano. Namba tutakazotumia si za kiwanda chochote. Zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi, ila haziko mbali na pikipiki ndogo zilizoenea barabarani mwetu. Tungamo la pikipiki ni kilo 120 na la mwendeshaji kilo 70. Jumla kilo 190. Gurudumu la mbele hubeba kilo 85 za jumla hiyo. Kati ya hizo, kilo 15 ni gurudumu lenyewe na mabomba ya chini, ambavyo havikukalia springi. Zinabaki kilo 70, yaani uzito wa nyutoni 686 hivi.

Kwa kuwa mabomba yameinama nyuzi 26 kutoka wima, kani inayofuata mstari wa mabomba ni 686 × cos 26°, yaani nyutoni 617. Springi ziko mbili, kila moja ina ugumu wa nyutoni 5 kwa milimita. Kwa pamoja ni nyutoni 10 kwa milimita. Basi zinahitaji kubanwa milimita 62 ili kuubeba uzito huo. Lakini fundi alipokaza vifuniko vya juu alikwisha kuzibana milimita 25. Huu tutauita mbano wa awali. Kwa hiyo mwendeshaji akikaa, shokapu itazama 62 − 25 = milimita 37 tu.

Shokapu yetu ina mwendo wa milimita 120 kutoka kunyooka hadi kufika mwisho. Mzamo wa milimita 37 ni kama asilimia 31 ya mwendo huo. Mafundi wazoefu hutafuta mzamo ulio kati ya robo na theluthi ya mwendo wote, na sababu yake ni rahisi. Gurudumu halihitaji kupanda tu linapokutana na tuta. Huhitaji pia kushuka linapokutana na shimo. Shokapu isiyozama kabisa haina pa kushukia, na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kufunga breki wala kukata kona.

Sasa mwendeshaji afunge breki kwa mchapuko hasi wa mita 5 kwa sekunde mraba. Ikiwa kitovu cha uzito kiko mita 0.6 juu ya ardhi, na umbali wa ekseli mbili ni mita 1.3, kani inayohamia gurudumu la mbele ni 190 × 5 × 0.6 ÷ 1.3, yaani nyutoni 438. Sehemu yake inayofuata mabomba ni nyutoni 394, nayo huzamisha shokapu milimita 39 zaidi. Jumla inakuwa milimita 76. Zimebaki milimita 44 za kupokea shimo. (Tumeacha msuguano wa tairi na barabara, ambao huzidisha mzamo huo.)

Tubadilishe springi tu, tuweke laini zenye ugumu wa nyutoni 3.5 kila moja. Kwa hesabu ileile, mzamo wa kukaa unakuwa milimita 63, na breki inaongeza milimita 56. Jumla ni milimita 119 kati ya 120! Hapo ndipo chuma hugonga chuma, na ndiyo hali ya kijana wetu.

Je, washa za mshauri wa pili zitamfaa? Tukiongeza washa zenye unene wa milimita 20, mbano wa awali unakuwa milimita 45, na mzamo wa kukaa unapungua kutoka 63 hadi 43. Pikipiki inasimama juu zaidi, na hilo ni faida. Lakini breki itaendelea kuizamisha milimita 56 zilezile, kwa sababu washa hazibadilishi k. Washa huinua pikipiki. Hazifanyi springi laini kuwa ngumu. Zinafaa pale ambapo springi imefupika kwa uchakavu na mbano wake wa awali umepotea. Tena zikizidi, mizunguko ya springi hugusana kabla shokapu haijamaliza mwendo wake, na springi hugeuka kuwa gogo la chuma.

Kosa la kudhani mzigo wa nyuma huilemea shokapu ya mbele

Waendesha bodaboda wengi hukaza springi za mbele kwa hoja kwamba wanabeba mizigo. Hebu tupime hoja hiyo. Gunia la kilo 50 limefungwa nyuma, na kitovu chake kiko milimita 200 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tukichukua momenti kuizunguka ekseli hiyo, gurudumu la mbele linapunguziwa 50 × 200 ÷ 1300, yaani kilo 7.7 hivi. Mzigo huo hauibani shokapu ya mbele hata kidogo, huiinua! Hutenda kama mtoto aliyekaa upande wa pili wa pembea ya ubao.

Aliyekaza springi za mbele kwa ajili ya gunia amefanya jambo lililo kinyume cha haja yake. Sehemu ya mbele ilikuwa imepungukiwa na uzito, naye ameiongezea ugumu. Dawa ya mzigo ni kuusogeza mbele na kuupunguza, pamoja na kurekebisha shokapu za nyuma.

Oili: mnato na kimo

Springi iliyobanwa hairudi mahali pake na kutulia. Hurudi, ikapita, ikarudi tena. Oili ndiyo inayoitoa nishati hiyo. Shokapu inapotembea, oili hulazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na nishati ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Kadiri mnato wa oili unavyozidi, ndivyo upinzani unavyozidi.

Kutokana na hayo mtu anaweza kudhani kuwa oili nzito zaidi ni bora zaidi. Tuitazame barabara ya changarawe yenye vijituta vinavyofuatana kama mikunjo ya bati. Ikiwa vijituta viko mita 0.75 kimoja hadi kingine, na pikipiki inakwenda mita 15 kwa sekunde (kilomita 54 kwa saa), gurudumu hukutana na vijituta 20 kila sekunde. Lina sehemu ya ishirini ya sekunde kupanda na kushuka. Oili nzito mno huchelewesha kushuka. Kabla gurudumu halijarudi chini, kijituta cha pili kimekwisha kulisukuma juu. Shokapu hujikusanya hatua kwa hatua mpaka ikose mwendo, na mwendeshaji husema ‘imekuwa ngumu kama jiwe’, ingawa springi zake hazikuguswa.

Kimo cha oili nacho kina hatari yake. Hewa iliyofungiwa juu ya oili ni springi ya pili, inayofuata kanuni ya Boyle. Tuseme shokapu ikiwa imebanwa kabisa, nafasi ya hewa ina kimo cha milimita 150. Kwa kukadiria, ikinyooka nafasi hiyo inakuwa 150 + 120 = milimita 270. Kwa hiyo kubanwa kote huongeza kanieneo ya hewa mara 270 ÷ 150, yaani mara 1.8. Mshauri wa tatu akijaza oili hadi nafasi ibaki milimita 20, uwiano unakuwa 140 ÷ 20, yaani mara 7. Sili iliyotengenezwa kwa kazi nyepesi hulazimika kuzuia takriban kanieneo sita za angahewa juu ya ile ya nje. Ikishindwa, oili hutoka. Na oili inayotiririka kwenye bomba la mbele huishia kwenye diski ya breki au kwenye tairi. Msomaji hahitaji kuelezwa kitakachofuata.

Pembe na ufuasi wa gurudumu

Tumefika kwa mshauri wa kwanza, aliyetaka shokapu za pikipiki kubwa. Hapa hapana budi tuitazame jiometria.

Tuvute kwa mawazo mstari unaopita katikati ya shingo ya pikipiki mpaka ukutane na ardhi. Mahali hapo pako mbele ya pale tairi linapogusa ardhi. Umbali kati ya nukta hizi mbili tutauita ufuasi, kwa kuwa tairi huufuata mstari wa usukani. Mfano wake ni gurudumu dogo la kitanda cha hospitali: ukikisukuma kitanda, gurudumu hugeuka lenyewe likafuata nyuma ya mhimili wake. Ufuasi hulisaidia gurudumu la pikipiki kurudi kwenye mwelekeo wake linaposukumwa kando.

Mwaka 1970 mwanakemia Mwingereza David Jones alieleza majaribio yake ya kuunda baiskeli isiyoendesheka. Iliyomshinda zaidi kuiendesha ni ile ambayo gurudumu lake la mbele lilisogezwa mbele hadi ufuasi ukawa kinyume. Ni kweli kwamba mwaka 2011 watafiti wa Marekani na Uholanzi walionyesha kuwa baiskeli iliyobuniwa kwa namna ya pekee inaweza kujisimamia bila ufuasi. Lakini pikipiki za kawaida zimesanifiwa kwa kuutegemea, na kuubadilisha ni kubadilisha tabia yake yote.

Ikiwa R ni nusukipenyo cha gurudumu, α ni mwinamo wa shingo kutoka wima, na m ni mtokezo, yaani umbali ambao vibano huyatanguliza mabomba mbele ya mstari wa shingo, basi:

ufuasi = (R sin α − m) ÷ cos α

Kwa pikipiki yetu R ni milimita 300, α ni nyuzi 26, na m ni milimita 40. Ufuasi ni milimita 102.

Tufunge shokapu ndefu kwa milimita 30. Pua inapanda milimita 27 hivi, na kwa urefu wa milimita 1300 kati ya ekseli, mwinamo unaongezeka kwa nyuzi 1.2. Ufuasi unakuwa milimita 109. Usukani utakuwa mzito kidogo na pikipiki itachelewa kukata kona.

Tuseme sasa shokapu zina urefu uleule wa awali, ila zimekuja na vibano vyake vyenye mtokezo wa milimita 60. Ufuasi unashuka hadi milimita 80. Wengi hushangaa hapa, maana hudhani kuwa kulisogeza gurudumu mbele huongeza utulivu. Hesabu inasema kinyume. Na vyote viwili vikija pamoja, urefu na mtokezo, ufuasi ni milimita 87. Jicho haliwezi kuitambua tofauti hii pikipiki ikiwa imesimama gereji. Huonekana kwenye mteremko, usukani unapoanza kutikisika.

Pana jambo la nne. Springi za pikipiki kubwa zilikusudiwa uzito mkubwa. Zikiwa na ugumu wa nyutoni 8 kila moja, na mbano wa awali uleule, pikipiki yetu ndogo itazama milimita 14 tu. Shimo lenye kina kinachozidi milimita 14 litaliacha gurudumu hewani.

Hatukusudii kusema kwamba shokapu nene hazina faida. Bomba likiongezwa kipenyo kutoka milimita 31 hadi 35, unene wa ukuta ukibaki uleule, uimara wake dhidi ya kupinda huongezeka kwa mche wa uwiano huo, yaani kama mara 1.44. Hiyo ni faida kubwa wakati wa breki. Lakini faida hiyo hupatikana pale tu ambapo urefu, mtokezo, springi, ekseli, breki na beringi za shingo vimelinganishwa. Bomba lililopinda lisinyooshwe na kurudishwa kazini, na lililo fupi lisiunganishwe kwa kuchomelea. Linapokea mizigo ya kupinda maelfu ya mara kwa siku, na chuma kilichochoka hakitoi taarifa.

Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza: kupima mzamo. Inueni sehemu ya mbele ya pikipiki mpaka gurudumu lisiguse ardhi, mpime urefu wa bomba la juu linaloonekana. Ishusheni, mwendeshaji akae, wenzake wawili wamshikilie wima, mpime tena. Tofauti ndiyo mzamo. Kwa kuwa msuguano wa sili hudanganya, pimeni mara mbili: mara moja baada ya kuikandamiza shokapu na kuiachia ipande, na mara nyingine baada ya kuinyanyua na kuiacha ishuke. Chukueni wastani.

Jaribio la pili: kupima ufuasi. Nyosheni uzi kandokando ya pikipiki, sambamba na mstari wa katikati ya shingo, mpaka ardhini, mtie alama. Teremsheni timazi kutoka katikati ya ekseli, mtie alama ya pili. Pimeni umbali kati ya alama hizo, kisha mlinganishe na hesabu. Baiskeli ya mwalimu inatosha kwa jaribio hili.

Hitimisho

Turudi kwa kijana wetu. Apime mzamo kabla ya kununua chochote. Ukikaribia nusu ya mwendo, atoe springi na kulinganisha urefu wake na ule ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki yake. Ikiwa zimefupika tu, washa kiasi zitamsaidia kwa muda, lakini springi mpya ni bora. Ikiwa ni laini kwa asili, atafute zenye ugumu unaofaa. Aweke sili mpya, na oili ya shokapu yenye mnato na kimo kilichoagizwa. Akitaka shokapu za pikipiki nyingine, na apime kwanza urefu, mtokezo na springi zake, afanye hesabu, ndipo atoe fedha.

Washauri wale watatu hawakuwa wajinga. Kila mmoja alijua jambo moja la kweli. Walichokikosa ni kipimo, na pasipo kipimo, ukweli mmoja huweza kumwangusha mtu sawa na uongo.

Maswali ya mazoezi

1. Shokapu yenye mwendo wa milimita 120 imezama milimita 54. Hiyo ni asilimia ngapi? Unamshauri nini mwenye pikipiki?

2. Tafuta ufuasi ikiwa R = 300 mm, α = 25° na m = 45 mm.

3. Mzigo wa kilo 40 uko milimita 260 nyuma ya ekseli ya nyuma. Umbali wa ekseli mbili ni milimita 1300. Gurudumu la mbele linapunguziwa kilo ngapi?

4. Nafasi ya hewa katika shokapu iliyobanwa kabisa ni milimita 60, na mwendo ni milimita 120. Kanieneo ya hewa huongezeka mara ngapi inapobanwa?

Majibu: (1) Asilimia 45, mzamo umezidi theluthi, springi zikaguliwe. (2) Milimita 90. (3) Kilo 8. (4) Mara 3.